Kabla Hujalipa Ada ya LPN, Iulize Bodi

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja. Wengi mlioandika mko Marekani: Minneapolis, Dallas, Louisville, Worcester, Grand Rapids. Mnafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba za wazee. Mnaogesha, mnalisha, mnageuza wagonjwa usiku kucha, mnakaa na mtu anayekata roho wakati ndugu zake hawajafika. Asubuhi mnarudi na mgongo unaouma, na mshahara hautoshi kodi ya nyumba pamoja na pesa ya kutuma kwa wazazi. Sasa mnataka kupanda ngazi moja muwe LPN, yaani muuguzi wa vitendo mwenye leseni, na mnauliza ni shule ipi yenye ada nafuu ambayo cheti chake kinatambulika.

Nimefurahi kuona mmeuliza bei na cheti kwa pamoja, kwa sababu wanaouliza bei peke yake ndio wanaolizwa.

Kwa walio wageni katika mambo haya, niseme kidogo kuhusu ngazi yenyewe. Sheria ya Marekani inamtaka CNA apate mafunzo ya saa 75 tu kwa uchache, ingawa majimbo mengine yameongeza. LPN, ambaye Texas na California humwita LVN, husoma takriban mwaka mmoja akisoma kutwa, na miezi 18 au zaidi akisoma jioni. Akishapata leseni anagawa dawa, anasafisha na kufunga vidonda, anaweka katheta, anafuatilia presha na sukari, yote chini ya usimamizi wa RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, au wa daktari. Kwa takwimu za Idara ya Kazi za Mei 2024, nusu ya LPN nchini humo walikuwa wakipata zaidi ya dola 62,000 kwa mwaka. Kwa CNA, kiwango hicho cha katikati hakikufika 40,000. Tofauti hiyo inatosha kusomesha mtoto aliyebaki Eldoret au Arusha, na wauza ndoto wanaijua vizuri kama mnavyoijua ninyi.

Basi jibu langu ni hili: usianze na shule. Usianze na tangazo la Facebook, wala na namba uliyopewa kanisani au msikitini na mtu anayekwambia "hawa wanakuchukua haraka". Anza na Bodi ya Wauguzi ya jimbo unalokaa.

Tuliokulia Tanzania Bara au Kenya tumezoea nchi nzima kuwa na baraza moja la wauguzi. Ukimaliza chuo kinachotambuliwa, baraza linakutahini, linakusajili, na usajili huo unafanya kazi Mtwara hadi Mwanza, Lamu hadi Kisumu. Marekani kila jimbo lina chombo chake na sheria zake. Mahali pengi kinaitwa Bodi ya Wauguzi. New York kazi ya leseni iko chini ya Idara ya Elimu ya jimbo. Chombo hicho ndicho kinachotoa idhini kwa programu za uuguzi. Shule inaweza kuwa na jengo la vioo na picha za wahitimu waliovaa meupe wakitabasamu, lakini kama programu yake ya LPN haimo kwenye orodha ya Bodi, ukimaliza hutaruhusiwa kukaa kwenye mtihani wa leseni. Bila mtihani hakuna leseni, na bila leseni wewe bado ni CNA, safari hii mwenye deni.

Orodha hiyo iko wazi kwenye tovuti ya Bodi na kuisoma ni bure. Ila isomeni kwa makini, maana kuna mitego. Idhini hutolewa kwa programu, si kwa jina la shule. Shule moja inaweza kuwa na idhini ya kufundisha RN bila kuwa na ya LPN, au tawi lake la mji mmoja likawa na idhini na la mji mwingine halina. Kwa hiyo tafuta jina la programu pamoja na anwani ya tawi utakalosomea. Kisha angalia hali ya idhini yenyewe. Idhini kamili ndiyo unayoitaka. Idhini ya awali maana yake programu ni changa na bado inapimwa. Idhini yenye masharti, au onyo, maana yake Bodi imekuta kasoro na imeipa shule muda wa kujirekebisha. Mara nyingi kasoro hiyo ni wanafunzi wengi kufeli mtihani. Shule ya namna hiyo ikishindwa kujirekebisha, hufungiwa kupokea wanafunzi au kufungwa kabisa. Niliwahi kufanya kazi zamu za usiku na dada mmoja wa Bukavu aliyekuwa amebakiza muhula mmoja programu yake ilipofungwa. Shule siitaji. Chuo cha pili alichokimbilia kilikubali masomo machache tu kati ya aliyokwisha kuyasoma na kuyalipia.

Ukishamaliza orodha, piga simu Bodi. Najua wengi wenu mnaogopa simu za ofisi za serikali, hasa wenye Kiingereza cha kujifunzia ukubwani. Andika barua pepe basi, uulize sentensi mbili tu: je, programu hii ya tawi hili ina idhini kamili leo? Je, mhitimu wake anaruhusiwa kufanya NCLEX-PN? Jibu lao lililoandikwa lihifadhi.

NCLEX-PN ndio mtihani wa leseni ya LPN kwa majimbo yote. Unafanywa kwenye kompyuta, maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150, kwa muda wa saa 5, na ada ya kujiandikisha ni dola 200. Ukifeli unasubiri siku 45 na unalipa tena. Unafanywa kwa Kiingereza pekee. Kila mwaka Bodi hutangaza kwa kila programu ni wahitimu wangapi walifaulu mara ya kwanza. Mwaka 2023, kwa waliosomea ndani ya Marekani, wastani wa taifa ulikuwa karibu 87 kwa kila 100. Texas inataka programu isishuke chini ya asilimia 80. Ukikuta programu imekaa kwenye hamsini au sitini miaka mitatu mfululizo, achana nayo hata kama ada yake ni nusu ya nyingine.

Lakini hata namba nzuri ichunguzwe. Ziko shule zinazowapa wanafunzi wa mwisho mtihani mgumu wa ndani, na asiyefikia alama hapewi makaratasi ya kwenda NCLEX. Wanaobaki kufanya mtihani ni wale wachache wenye uhakika, na shule inajisifu kwa asilimia 98. Waliozuiliwa hawaonekani kwenye asilimia hiyo, ilhali ada yao imeshaliwa. Mtihani wa ndani si dhambi, hata vyuo vizuri vinao, na unasaidia kumwonyesha mwanafunzi wapi pa kukazia. Uliza tu: walioanza darasa la mwaka juzi walikuwa wangapi, na waliomaliza kwa wakati ni wangapi? Asiyefikia alama ya mtihani wa ndani anafanywaje, anasaidiwa au anaachwa? Karani wa udahili akianza kuzunguka kwenye swali hili, umeshajibiwa.

Sasa tuingie kwenye ithibati, ambapo wengi mnachanganyikiwa, na nadhani wengine wanachanganywa kwa makusudi. Idhini ya Bodi ndiyo inayokupeleka kwenye mtihani. Ithibati ni jambo jingine, na iko ya aina mbili. Ya kwanza ni ya chuo kizima, inayotolewa na mashirika yanayotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani. Chuo kisichokuwa nayo hakiwezi kukupatia msaada wa masomo wa serikali kuu, na mara nyingi masomo yako hayatapokelewa kwingine. Wizara ina hifadhidata ya bure mtandaoni iitwayo DAPIP. Andika jina la chuo, utaona nani amekipa ithibati na tangu lini. Usiamini nembo ya dhahabu iliyobandikwa chini ya tovuti ya shule. Na usiishie kuuliza kama shule ina ithibati, uliza imeipata kwa nani. Shirika la ACICS lilitoa ithibati kwa mamia ya shule za biashara (zinazoendeshwa kwa faida), zikiwemo za kampuni ya Corinthian zilizofungwa 2015 na ITT Tech iliyofungwa 2016, na mwaka 2022 Wizara ikaacha kabisa kulitambua. Maelfu ya wanafunzi waliambiwa shule zao zina ithibati, na kwa siku ile waliyoambiwa ilikuwa kweli.

Ithibati ya aina ya pili ni ya programu ya uuguzi yenyewe. Kwa LPN inatolewa na ACEN, yenye makao yake Atlanta, au na CNEA, iliyo chini ya shirika la elimu ya uuguzi liitwalo NLN. Liko pia shirika liitwalo CCNE, ambalo ni la heshima sana, lakini hilo halitoi ithibati kwa LPN hata kidogo. Linashughulika na shahada ya kwanza na kuendelea. Shule ikikwambia programu yake ya LPN ina ithibati ya CCNE, ama karani hajui anachouza au anakudanganya. Vilevile, "mwombaji wa ithibati" si mwenye ithibati. Ni shule iliyoingia foleni.

Hapa niwatulize wale mlioanza kuhangaika. Programu nyingi za LPN, hata zile nzuri za vyuo vya umma, hazina ithibati ya ACEN wala CNEA, na wahitimu wake wanapata leseni na kazi bila tatizo. Ukiwa na chuo cha umma chenye idhini kamili ya Bodi, ithibati ya chuo kizima na ufaulu mzuri, usikiache ukakimbilia shule ya dola 35,000 kwa sababu ya herufi nne. Mahali ithibati ya programu inapoongeza uzito ni pale unapofikiria kwenda RN baadaye, kwa kuwa vyuo vingine vinaiangalia vinapoamua kupokea masomo yako. Florida nako sheria inazitaka programu za RN, si za LPN, zipate ithibati ndani ya miaka 5 tangu zipokee wanafunzi wa kwanza.

Na RN lazima muifikirie tangu sasa. LPN ni kituo kizuri cha kupumzikia na kupata kipato, lakini wengi wenu mnakwenda mbele, na mshahara wa katikati wa RN kwa takwimu zilezile za 2024 ulikuwa zaidi ya dola 93,000. Shule nyingi za biashara zina ithibati ya mashirika ambayo zamani yaliitwa ya kitaifa. Vyuo vya umma vina ya mashirika yaliyoitwa ya kikanda. Tangu 2020 serikali imeacha kutofautisha makundi hayo mawili, ila vyuo vingi vya jimbo bado vinasita kupokea masomo kutoka kundi la kwanza. Kwa hiyo kabla hujasaini, piga simu kwenye chuo ambacho ungependa kusomea RN, siyo kwenye shule inayotaka pesa yako, uwaulize: nikitoka pale na LPN, mtanipokelea masomo gani? Anatomia na fiziolojia ukilazimika kuisoma mara mbili, ile shule ya kwanza haikuwa nafuu tena.

Tufike kwenye pesa. Katika vyuo vya umma, yaani vyuo vya jamii na vyuo vya ufundi vya jimbo, programu nzima ya LPN kwa mkazi wa jimbo mara nyingi inaangukia kati ya dola 5,000 na 15,000. Shule za biashara mara nyingi zinaanzia 20,000 na nyingine hupita 40,000. Mtihani wanaoufanya ni uleule na leseni wanayoipata ni ileile, na hakuna mwajiri atakayekulipa zaidi kwa kuwa ulilipa zaidi.

Ukiuliza bei, usiulize ada. Uliza gharama yote tangu siku ya kwanza hadi leseni. Ndani yake kuna vitabu, sare na viatu, stetoskopu, vifurushi vya mitihani ya kompyuta, chanjo na kipimo cha kifua kikuu, ukaguzi wa rekodi ya polisi na alama za vidole, kipimo cha dawa za kulevya, kadi ya mafunzo ya kufufua moyo, dola 200 za NCLEX, na ada ya leseni ya jimbo. Iombe hesabu hiyo kwa maandishi. Ongeza na pesa utakayoikosa kwa kupunguza saa za kazi, kwa sababu utazipunguza. Kusoma kutwa, kwenda mafunzo ya vitendo saa sita mchana hadi jioni, kisha kupiga zamu tano za usiku kwa wiki ni njia ya kufeli; nimeiona ikiwaangusha watu wenye akili nyingi sana.

Misaada ipo, na inanisikitisha mkiandika kwamba mmechukua mkopo wa riba kubwa bila kujaza FAFSA. FAFSA ni fomu ya bure kwenye tovuti ya serikali, studentaid.gov, anayekutoza pesa kuijaza anakuibia. Ndiyo inayofungua mlango wa Pell, ruzuku ambayo hurudishi, na kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango chake cha juu ni dola 7,395. Wenye grini kadi wanaruhusiwa kuomba, wakiwemo walioshinda bahati nasibu ya viza. Wakimbizi na waliopewa hifadhi nao wamo. Nendeni na karatasi zenu kwenye ofisi ya msaada wa fedha ya chuo, wawaambie nini cha kuambatisha. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hana haki hiyo, na kwake lazima shule iwe na kibali cha kutoa fomu ya I-20, ambacho shule nyingi ndogo za LPN hazina.

Majimbo nayo yana yake. Minnesota ilianzisha North Star Promise mwaka 2024: mkazi ambaye mapato ya familia yake hayafiki dola 80,000, na ambaye hana shahada, anasoma chuo cha umma bila kulipa ada. Massachusetts ilianza na wenye umri wa miaka 25 na zaidi mwaka 2023, kisha 2024 ikafungua vyuo vya jamii bure kwa wakazi wa umri wote wasio na shahada. Michigan na Tennessee zina mipango ya aina hiyo kwa watu wazima, na Tennessee ina vyuo vya ufundi vya jimbo vinavyofundisha LPN. Kila jimbo lina pia ofisi za ajira za serikali zinazoweza kulipia mafunzo kwa wenye kipato kidogo, mradi shule iwe kwenye orodha yao. Waajiri wengine hulipa nusu au yote. Hapo someni mkataba hadi mstari wa mwisho: unatakiwa kuwatumikia miaka mingapi, na ukiondoka mapema unadaiwa kiasi gani, pamoja na riba au bila riba?

Najua mtaniambia: dada, chuo cha umma kina foleni. Ni kweli. Pengine utasubiri muhula mmoja, pengine mwaka. Ndiyo maana shule za biashara zinashinda, zinauza kutosubiri. Msimamo wangu ni kwamba subirini. Mwaka wa kusubiri ukiutumia vizuri unakutoa ukiwa mwanafunzi bora na unakuokoa deni la miaka kumi. Soma anatomia kwanza kama chuo kinaruhusu. Jiandae kwa TEAS, mtihani wa kuingilia unaopima kusoma, hisabati, sayansi na Kiingereza. Vyuo vingine hutumia HESI. Pata vyeti vyako. Waliosoma Kenya wana KCSE, Watanzania wana vyeti vya NECTA, Wakongomani wana diploma ya Serikali. Vyote huhitaji kutathminiwa na kampuni kama WES au ECE, na huchukua wiki nyingi hasa kama nakala lazima itoke nyumbani. Mliokulia kwenye kambi za Nyarugusu au Kakuma na makaratasi yakapotea njiani, fanyeni mtihani wa GED au HiSET unaochukua nafasi ya cheti cha sekondari. Madarasa ya maandalizi ya watu wazima mara nyingi ni ya bure, na ya Kiingereza vilevile.

Kuhusu Kiingereza nitasema wazi, kwa mapenzi. Shule inayokupokea bila kupima Kiingereza chako haijakuonea huruma. Inajua kwamba utalipa muhula wa kwanza na wa pili kabla hujafeli wa tatu. Maswali ya NCLEX hayakuulizi maana ya neno. Yanakuelezea wagonjwa wanne kisha yanataka useme utamwendea yupi kwanza. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa Lubumbashi, au kwa Kiswahili hadi darasa la saba, anaweza kabisa kuyajibu, lakini anahitaji muda wa kujenga lugha, na muda huo ni bora aupate darasani bure kuliko aulipie dola 900 kwa kila somo.

Kundi moja naomba lisimame hapa lisiendelee na LPN. Ni ninyi mliokuwa wauguzi nyumbani. Nimeona KRCHN wa Kenya, mtu aliyesoma zaidi ya miaka mitatu na kuongoza wodi, akianza LPN upya kwa sababu rafiki alimwambia vyeti vya Afrika havitambuliki. Vinatathminiwa. Shirika la CGFNS, ambalo mwaka 2025 lilibadili jina kuwa TruMerit, hufanya kazi hiyo. Baraza la Kenya au la Tanzania linathibitisha usajili wako, chuo kinatuma nakala ya matokeo, na Bodi ya jimbo inaamua kama unaweza kwenda moja kwa moja kwenye NCLEX-RN au unapungukiwa na saa fulani, kwa mfano za afya ya akili. Inachosha na inachukua miezi mingi. Hata hivyo fanyeni kwanza hilo, ndipo mfikirie darasa.

Nirudi kwenye wale wanaokuahidi haraka. Tarehe 25 Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi dhidi ya watu 25 waliohusika kuuza vyeti vya uuguzi kupitia shule tatu za kusini mwa Florida. Vyeti zaidi ya 7,600 viliuzwa, vya RN na vya LPN, kwa maelfu ya dola kila kimoja, kwa watu ambao hawakusoma masomo hayo wala kufanya vitendo. Takriban 2,400 kati yao walifaulu NCLEX. Baada ya hapo Bodi za majimbo mbalimbali zikaanza kuwafuata mmoja mmoja na kuwafutia leseni au kuwataka wazirudishe. Miongoni mwa walioshtakiwa walikuwemo mawakala waliokuwa wakitafuta wateja. Hao ndio mnaokutana nao kwenye sherehe na kwenye makundi ya WhatsApp, wanaozungumza lugha yenu na kuwaita ndugu. Mtu akikwambia LPN inawezekana bila vitendo, au kwamba masomo ya miezi mingi yanamalizika kwa wiki kadhaa mtandaoni, kimbia. Nadharia inaweza kusomwa mtandaoni. Kumgeuza mgonjwa, kumchoma sindano, kumsikiliza mapafu, hayo lazima uyafanye mbele ya mkufunzi mwenye leseni.

Kwa hiyo ukitembelea shule, ulizia vitendo kwa majina. Ni hospitali gani, nyumba gani ya wazee, mkataba nao umeshasainiwa au bado wanatafuta? Mkufunzi mmoja anakwenda na wanafunzi wangapi? Wapo wanafunzi waliokaa miezi wakisubiri shule ipate mahali pa kuwapeleka, huku deni likiendelea. Ongea na wanafunzi wa muhula wa mwisho nje ya jengo, bila karani.

Kuna aliyeuliza kama akisomea Kentucky anaweza kufanya kazi Ohio ng'ambo ya mto. Ndiyo. Zaidi ya majimbo 40 yamo kwenye makubaliano ya kutambua leseni moja, na hayo mawili yamo. Minnesota, California na New York hazimo. Ukihamia huko unaomba leseni ya pale kwa kupeleka uthibitisho wa ile uliyonayo. Hurudii NCLEX. Ila leseni ya pamoja hutolewa na jimbo unalokaa kisheria, kwa hiyo anwani kwenye leseni yako ya udereva na kwenye kodi yako ya mapato ziwe zinalingana.

Na wewe mdogo wangu wa Texas uliyeandika kwamba ulilipa pesa ya kushikilia nafasi juzi, na sasa jina la shule hulioni kwenye orodha: usingoje nijibu barua ya pili. Toa mkataba ulioutia saini, tafuta kifungu cha kughairi, kwa sababu shule binafsi nyingi zinabanwa na sheria kurudisha pesa ukijitoa ndani ya siku chache. Waandikie leo kwa barua pepe kwamba unajitoa na unataka pesa yako, weka tarehe, hifadhi nakala. Kisha iandikie Bodi ya Texas uwaulize kuhusu programu hiyo, na uwaambie umeshatozwa. Wakikujibu, nitumie jibu lao, nami nitawaambia wenzako wa mji huo bila kutaja jina lako.